Kabla Hujashusha Paneli za Sola Paani

Kwenye makadirio ya gharama tuliyoletewa, kila kifaa cha mfumo mpya wa sola kilikuwa na mstari wake: paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani), betri, reli za kufungia, nyaya, hadi malipo ya mafundi. Mfumo wa zamani uliandikwa chini kabisa, "kuondoa vifaa vya zamani", na mahali pa bei pakawekwa kistari. Mimi ni katibu wa kamati ya jengo letu la ghorofa, nikauliza kistari kile kina maana gani. Nikajibiwa, "Hiyo ni bure mama, usijali." Bure yenyewe ilikuwa hii: wavishushe, wavirundike chini, wapande gari lao waende zao, sisi tubaki tukitazamana.

Anayenunua sola hakosi wa kumwelekeza. Anayeiondoa hana wa kumuuliza, ndiyo maana nimeona niandike. Ukisoma hapa ukaishia njiani, chukua walau hili: mambo makubwa kuhusu paneli kuukuu huamuliwa ingali juu ya paa. Ikiwa juu, nzima, na inajulikana ni ipi na ilikuwa inatoa nini, hiyo bado ni mali. Ikishushwa ovyo ikatupwa kwenye rundo, unabaki na kioo kizito ambacho hata ukimpa mtu bure atakwambia asante, hapana.

Nilikuwa nimeshaona mfano. Upande wa pili wa jengo ulibadilishiwa paneli kabla sijaingia kwenye kamati, na waliokuwepo wakamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Akang'oa fremu za alumini, akakata nyaya, akabandua visanduku vya nyuma, akalipa na kuondoka. Vioo akaviegemeza kwenye ukuta wa nyuma. Vikanyeshewa, vikapigwa mateke na watoto, na kila aliyeuliza aliambiwa vinakuja kuchukuliwa. Asubuhi moja havikuwepo. Tulivikuta baadaye vimeziba mtaro, vimejaa nyufa kama utando wa buibui, vimeshikamana na ile plastiki nyeupe ya nyuma hata koleo halitenganishi.

Nilimkasirikia sana yule mnunuzi. Nilipokuja kupiga hesabu nikamwelewa, ingawa sikumsamehe. Paneli ya kawaida ya seli 60, yaani vile vipande vidogo vinavyozalisha umeme, ina kilo 18 hadi 20. Kioo peke yake ni kama robo tatu ya uzito huo. Fremu ya alumini ni sehemu moja ya kumi hivi, yaani kilo mbili. Plastiki ni kama moja ya kumi nyingine. Silikoni, ambayo ndiyo inayozalisha umeme, ni asilimia chache tu. Shaba ni kama asilimia moja. Na madini ya fedha, yale mistari myembamba inayong'aa juu ya seli, hayafiki hata asilimia moja ya kumi. Kwa hiyo mtu mwenye bisibisi na koleo anachukua alumini na shaba anazoweza kuuza leo, anakuachia kilo 16 zinazohitaji kiwanda. Kioo, seli na plastiki vimegandishwa pamoja kwa joto ili maji yasipenye kwa miaka 25, na huwezi kuvitenganisha uani.

Kuna wanaojaribu kwa moto. Usikubali mtu achome paneli mahali popote karibu nawe. Plastiki ya nyuma ya paneli nyingi ina florini, na moshi wake ni gesi kali inayounguza mapafu. Lehemu inayounganisha seli nayo mara nyingi ina madini ya risasi.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: fremu haiuzwi peke yake. Anayetaka alumini achukue paneli nzima na aonyeshe inakokwenda, au aiache ilipo.

Sasa betri, maana hizo ndizo zilizonitia hofu kuliko paneli. Kwa paneli hakuna aliyekuja mlangoni. Kwa betri za zamani za risasi na tindikali walikuja wengi, wengine hata sikujua habari wamezipata wapi. Ni rahisi kuelewa: zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, na risasi inayeyuka kwa moto wa kawaida tu. Hapo ndipo penye hatari. Mmoja wa wanunuzi alitoa bei nzuri kuliko wote, kisha akaniomba kwa upole kabisa nimwonyeshe mahali pa kumwagia tindikali kwanza, eti mzigo uwe mwepesi. Pale aliposimama palikuwa hatua chache kutoka kwenye bomba tunalotekea maji.

Nikamwambia hapana. Wajumbe wenzangu wakaniona najidai, hela inakataliwa hivi hivi. Nikawasimulia habari ya Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal. Pale watu walikuwa wakipasua betri kuukuu na kuchekecha udongo kutafuta vipande vya risasi, na kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 watoto 18 wakafa. Hawakula betri. Walicheza kwenye vumbi, wengine vumbi liliwafuata nyumbani. Risasi haina harufu, na mtoto huanza kuharibika akili kabla mzazi hajaona dalili yoyote. Baada ya hapo mjadala wa bei ulipungua makali, ijapokuwa haukuisha.

Tuliyemuuzia mwishoni alilipa kidogo kuliko yule, ila alizichukua zikiwa na tindikali yake ndani, zimesimama wima, na alikuwa na leseni ya kubeba taka hatarishi pamoja na hati inayoonyesha mtambo unaozipokea. Swali langu kwa kila mnunuzi lilikuwa moja: zikitoka hapa zinayeyushwa wapi, na tindikali inakwenda wapi? Anayeijua kazi yake anajibu papo hapo. Anayebabaika ameshajibu. Wakati zinasubiri, tuliziweka juu ya trei za plastiki mahali penye hewa, vichwa vyake tukavifunga utepe wa umeme ili chuma kikiangukia juu kisiunganishe chanya na hasi. Magadi soda yawe karibu, kwani huua nguvu ya tindikali ikimwagika. Glavu za mpira na miwani si mapambo.

Za lithiamu zilikuwa chache, na kinyume chake hazikuwa na mteja. Zile za aina ya fosfati ya chuma hazina kobalti wala nikeli, vitu ambavyo ndivyo huwavutia wanunuzi. Lakini usizitupe na taka za nyumbani hata siku moja: zikibanwa ndani ya gari la taka zinaweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Tuliokoka kwa sababu mkataba wa mfumo mpya ulikuwa haujasainiwa. Tukamwambia muuzaji, betri hizi unazichukua wewe, tuandike iwe sharti. Alinung'unika, akakubali. Angekuwa ameshalipwa nadhani hata simu asingepokea.

Tuje paani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba paneli haina swichi ya kuizima. Maadamu jua linaipiga, ina umeme, iwe nzima au imepasuka. Paneli moja ya seli 60 inatoa volti zipatazo 37. Kumi zikiunganishwa kwa mfuatano zinapita 300. Na huu ni umeme wa DC, yaani usiobadili mwelekeo, ambao cheche zake hazikatiki zenyewe. Umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 au 120 kila sekunde, ndiyo maana cheche yake hufa upesi. Wa DC hausimami, ukichomoa plagi ungali unapita unaweza kuning'inia hewani ukikuunguza mkono.

Fundi tuliyempata, kijana mpole asiyependa maneno mengi, alifuata utaratibu ambao nilimwomba anirudie taratibu nikauandika. Kwanza unazima matumizi yote. Kisha inveta. Kisha swichi ya upande wa paneli. Unapima kwa mita inayobana waya uhakikishe hakuna ampea, yaani mkondo wa umeme, inayopita. Hapo ndipo unagusa plagi. Paneli zenyewe akazifunika turubai nzito jeusi, na zilizopasuka hakuruhusu mtu azishike asubuhi zikiwa na umande, kwa kuwa umeme unaweza kuvujia kwenye fremu. Wasaidizi wake wawili walitaka kuzibeba kwa kuzivuta nyaya, kama ndoo. Akawakemea. Waya ukilegea kwenye kisanduku, paneli nzima inaharibika.

Kabla ya kuifungua hata moja, nilipanda nikapiga picha lebo ya nyuma ya kila paneli: kampuni, modeli, wati, volti, namba ya mfululizo. Baadhi ya lebo zilikuwa zimefifia hadi nikatumia tochi ya pembeni kuzisoma. Kisha fundi akaandika namba kubwa kwenye kila fremu kwa kalamu ya wino usiofutika. Kazi hii ilionekana ya kupoteza muda. Baadaye kila mtu tuliyezungumza naye, awe wa kununua au wa kuchakata, alianza kwa kuuliza hayo hayo.

Tulipozipima ndipo nikajua tumekuwa tukidanganyana. Maneno yaliyozunguka jengoni ni kwamba sola imekufa. Kilichokufa kilikuwa betri, na inveta ilikuwa mahututi. Betri za risasi huchoka ndani ya miaka michache, inveta hukaa miaka 10 hadi 15, paneli 25 hadi 30. Paneli ya silikoni hupoteza wastani wa nusu asilimia tu ya nguvu kwa mwaka, kwa hiyo ya miaka 20 iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na asilimia 90 ya nguvu yake. Paneli zetu zilihukumiwa pamoja na betri bila kusikilizwa.

Fundi alizisimamisha zote zikielekea jua, saa sita mchana, akapima mbili mbili jirani. Akanionyesha kwamba volti kwenye lebo hupimwa seli ikiwa na nyuzi joto 25, hivyo kwenye joto la paa usishangae 37 ikisoma 33. Na volti pekee haitoshi. Ampea ndizo zinazoonyesha uchovu, nazo unazilinganisha na za jirani chini ya jua lile lile la dakika ile ile. Nyingi zilikuwa sawa. Halafu tukafika kwenye tatu zilizosoma volti 22. Mimi nikaziandikia msalaba.

"Subiri mama," akasema, "hizi hazijafa. Theluthi moja imelala."

Akafungua kile kisanduku cheusi cha nyuma kwa bisibisi bapa. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vidogo vyeusi vyenye miguu ya chuma: daiodi. Kila moja inalinda seli 20, ili kivuli kikianguka sehemu moja umeme upite pembeni. Daiodi ikiungua kwa ndani inageuka kuwa njia ya mkato ya kudumu, na seli zake 20 hazihesabiki tena. Moja ilikuwa na doa la kahawia na harufu ya kuungua haijaisha. Akaifungua lehemu, akaweka mpya, akapima: 33. Akarudia kwa nyingine mbili. Ile kazi ilichukua muda mfupi kuliko kikao chetu kimoja cha kamati, na vipuri vyake ni vya bei ya kutupwa. Visanduku vya siku hizi vingi hujazwa gundi na havifunguki hivyo, lakini vya zamani vinafunguka, jaribu kwanza.

Hakufufua kila kitu. Paneli ambazo plastiki ya nyuma ilikuwa imepasuka au inaacha unga mweupe kidoleni alizikataa hata zilizosoma vizuri, kwa sababu ngozi ile ndiyo inayozuia umeme usimfikie mtu, na mvua ikinyesha hakuna anayejua kitakachotokea. Zenye madoa ya kuungua juu ya seli nazo akaziweka kando. Ukiona muuzaji wa mitumba anakusifia volti bila kukugeuzia mgongo wa paneli, muage.

Tukawa na mafungu matatu. La kwanza tukalirudisha paani kwenye kona, liendeshe taa za ngazi na pampu ya maji. Hilo peke yake lilipunguza mfumo mpya tuliotakiwa kununua, na muuzaji hakulifurahia. La pili lilikwenda kwa watu waliokuwa na uhitaji, nami hapa nina neno. Kila mtu jengoni alikuwa na pendekezo la nani apewe, na wengi walitaka tutoe hadi zilizopasuka, "watajua wenyewe cha kufanya." Kumpa mtu takataka ukaiita msaada ni kuhamisha jalala. Tulizotoa tulizitoa zikiwa na karatasi ya vipimo, na kwa mwenye inveta au kidhibiti chaji chake tayari, maana paneli tupu bila hivyo ni meza mbovu.

Fungu la tatu, la zilizokufa kweli, lilinichosha kuliko yote. Nilipiga simu nyingi. Wengi wanaojiita wachakataji ni wang'oa fremu wenye tovuti nzuri. Nilijifunza kuwauliza swali la kioo: kioo chenye seli unakipeleka wapi? Wengine walisema wanakiuza kwa viwanda vya chupa, jibu lililonipa shaka, kwa kuwa kioo cha sola kingi kina antimoni, madini yanayochanganywa wakati wa kukitengeneza, na viwanda vya kioo cha kawaida hukikwepa. Mmoja alinijibu kwa uwazi, ndiye tuliyemchagua. Alisema yeye anaweza kutoa fremu, kisanduku na nyaya, kisha kioo anakisaga kwa matumizi ya ujenzi. Silikoni na madini ya fedha hana mtambo wake, anakusanya mabaki yake yakitosha anayapeleka kwa mwenye nao. Hakuahidi muujiza.

Na tusidhani waliotangulia wamemaliza tatizo. Umoja wa Ulaya uliingiza paneli kwenye sheria yake ya taka za kielektroniki mwaka 2012, ukawabana wanaoziingiza sokoni wagharimie mwisho wake, na lengo la kurejesha likawekwa asilimia 85 ya uzito. Ni sheria nzuri, ila angalia hesabu: kioo na alumini vikishapatikana lengo limefikiwa, hata kama silikoni na madini ya fedha vyote vimesagwa na kupotea. Ufaransa ilipata kiwanda mahsusi cha paneli huko Rousset mwaka 2018 tu. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, lilikadiria mwaka 2016 kwamba taka za paneli duniani zinaweza kufika tani milioni 78 kwa jumla ifikapo 2050. Anayesema ana suluhisho kamili leo na kwa bei poa, muulize mara ya pili.

Mchakataji wetu hakutaka mzigo mdogo; gari lake haliji kwa paneli chache. Tukaungana na majengo mengine mawili na fundi mmoja aliyekuwa na rundo lake. Wakati wa kusubiri zilikaa chini ya kibanda, zimesimama kwa ubavu, kioo kikitazamana na kioo, kadibodi katikati, zimefungwa mkanda. Ukizilaza, pembe ya fremu ya juu inapasua kioo cha chini. Zilizopasuka tulizifunga kwa nailoni nzito ili vipande visimwagike na maji yasiingie.

Kuhusu fedha nitasema wazi: haikulipa. Mauzo ya betri yalifidia sehemu ya ujira wa kushusha, basi. Usafiri ndio uliotumeza, ukafuatiwa na malipo ya mchakataji, ambaye anatoza kwa kila paneli. Kikao cha kuchangishana kilikuwa kigumu. Waliokuwa wapangaji walisema paneli si zao. Wenye nyumba wakasema wapangaji ndio waliokula umeme wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nikakaa nikiwasikiliza hadi wakachoka wenyewe. Tuliafikiana wenye nyumba walipe, na kuanzia sasa kiasi kidogo cha mchango wa kila mwezi kitengwe kwa ajili ya kuondoa mfumo huu mpya siku yake ikifika. Ningeshauri kila jengo lianze hivyo tangu siku ya kufunga, kwani miaka 20 mbele hakuna atakayekumbuka kwa hiari.

Mkataba mpya una vifungu ambavyo wa kwanza haukuwa navyo. Muuzaji anachukua betri zake zikichoka. Paneli zimefungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, zifunguke bila kukatwa. Kushusha, kupima na kusafirisha vimetajwa kila kimoja na nani anagharimia. Mchakataji naye alitupa hati ya kupokea yenye namba za mfululizo za kila paneli, nami nikazilinganisha na picha zangu moja moja. Mbili hazikulingana, tukarudi gari likafunguliwa, zikapatikana zimeandikwa vibaya. Orodha yote imebandikwa ndani ya mlango wa chumba cha mita, na nakala nyingine iko kwenye simu ya mlinzi, kwa kuwa sisi makatibu tunabadilishwa kila uchaguzi na yeye hayuko kwenye kura.